Shahidi wa Utupu katika Nchi ya Ubebwa

Nchi ya Ubebwa haina nyumba hata moja iliyosimama juu ya ardhi. Nimekaa humo siku ishirini na mbili, kwa hiyo nitasema nilichokiona bila kutia chumvi. Nyumba zote hubebwa. Wako majitu sita, wenyeji wanawaita Wabebaji, kila mmoja mrefu kiasi kwamba mawingu ya asubuhi humfikia kifuani. Juu ya mabega na mgongo wa kila mmoja zimepangwa nyumba arobaini au hamsini, ngazi kwa ngazi, zenye milango na madirisha na nguo zilizoanikwa. Siku ya kwanza nilisimama karibu na kidole cha mguu wa mmojawao, nikatazama juu mpaka kofia ikaanguka.

Jina langu ni Shomari Mbegu. Kwetu nilikuwa mkaguzi wa mizani sokoni kwa miaka ishirini na saba. Nilipima mawe ya mizani, nikagonga muhuri, nikaenda duka la pili. Miaka ya mwisho, nakiri, mara nyingine niligonga muhuri kwanza.

Nyumba za Ubebwa ni nyepesi. Sheria yao ya kwanza inasema nyumba isizidi uzito wa mbuzi mwenye mimba. Kwa hiyo ndani hamna ila watu na mikeka. Kila kitu kingine, unga, sufuria, nguo za sikukuu, barua, hata majina ya watoto yaliyoandikwa, hukaa katika maghala ya pamoja. Kila Mbebaji ameshika kamba zinazokwenda kwenye kila ghala, mbili kwa kila moja, ili ya kwanza ikikatika ya pili ibaki. Mama akitaka chumvi huvuta uzi wa dirishani kwake. Mbebaji huusikia kidoleni, kapu hupita kambani mpaka ghalani, na chumvi hufika kabla maji hayajachemka. Wenyeji hawaoni ajabu. Mimi nilikaa dirishani kwa mwenyeji wangu nikaomba pilipili, kisha kijiko, kisha pilipili tena, kama mtoto, kwa raha ya kuliona lile kapu likirudi.

Wakati ule kulikuwa na maghala mawili. Ghala la Mlimani lilikuwa jipya. Ghala la Kusini lilikuwa la zamani. Kuta zake zilitoa maji na nguzo mbili zilikuwa zimepasuka toka juu hadi chini. Kwamba liondolewe, hakuna aliyebisha. Liwali wa nchi, Bwana Fumo Badi, alikuwa ameamuru liondolewe siku ya kutimiza miaka kumi ya utawala wake, na siku hiyo ilibakiza siku nne. Mahema yalikwisha simamishwa. Tarumbeta zilikwisha suguliwa kwa majivu. Alikosekana mtu mmoja tu.

Sheria inasema ghala haliondolewi mpaka mtu asiye na kitu ndani yake aape kwamba ni tupu. Kwa kuwa kila mwenyeji ana kitu, au alikuwa nacho, au ana ndugu aliye nacho, hungojwa mgeni. Mgeni huyo huitwa Shahidi wa Utupu, na hupewa kanzu nyeupe na kiti cha mbele.

Liwali alinipokea barazani kwake, juu ya bega la Mbebaji wa kwanza. Palikuwa na chai ya mdalasini, mkate wa sinia, na karatasi moja.

"Karibu, Bwana Mkaguzi," alisema. "Tumefurahi kupata mtu wa fani."

Nikaisoma ile karatasi. Ilisema: *Nimeliona Ghala la Kusini. Ni tupu.*

"Mheshimiwa, sijaliona bado."

"Utaliona. Hata sasa unaliona, lile pale." Akanyosha kidole dirishani. "Makarani wamezunguka nyumba zote. Zote zimejibu kwamba zimehamia, au zinahamia, Mlimani."

"Zote kabisa?"

"Zote zilizojibu. Sheria yetu ya nne, Bwana Mkaguzi: asiyejibu hana kitu. Bila sheria hiyo hatungemaliza jambo lolote hapa."

Nilikuwa nimeshiba, kiti kilikuwa kizuri, na miaka ishirini na saba ya kugonga muhuri haimtoki mtu mkononi. Nikatia saini.

Asubuhi ya pili alinijia mwanamke mwembamba wa miaka kama hamsini, amejifunga kanga kiunoni juu ya gauni, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama vya mpasua mbao. Alikuwa Bi Salume, Mfungua Kamba Mkuu. Katika nchi ile ni yeye anayewaambia Wabebaji washike nini na waachie nini. Hakuketi.

"Umesaini?"

"Nimesaini, Bi."

"Umeliona?"

Nikaitazama miguu yangu.

"Basi vaa viatu," alisema. "Twende ukaone ulichokisaini."

Njiani tulipita mahali ambapo nyumba ya mwisho ilikuwa ikihamishwa, na Bi Salume akasimama kidogo, nadhani ili nitazame. Watu wa ghala walikuwa wamejipanga mstari toka Kusini hadi Mlimani, wakipokezana vitu vya nyumba hiyo mkono kwa mkono: magunia, vioo, sanduku la harusi, cherehani. Nyumba yenyewe ilikuwa juu ya mgongo wa Mbebaji wa tatu, na watu wake walikuwa wanakula. Tuliwaona dirishani, baba, mama na watoto watano, wakicheka jambo fulani. Hawakuambiwa wasimame, wala hawakuambiwa wangoje. Nusu ya vitu vyao ilikuwa huku na nusu kule. Kisha yule mama akavuta uzi wake kutaka ndimu. Nikaona kapu likianza safari kuelekea Kusini, na katikati ya safari Bi Salume akapiga mbinja moja. Mbebaji akageuza kidole. Kapu likapinda hewani, likaenda Mlimani, likarudi na ndimu. Mama akaikata, akaikamulia kwenye mchuzi, na maongezi hayakukatika.

Nilijikuta nimeshika mdomo.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa," alisema Bi Salume. "Aliyemo ndani asijue. Akijua, sisi tumekosea."

Ghala la Kusini kwa ndani lilikuwa kubwa kuliko jengo lolote nililowahi kuingia. Ukumbi hadi ukumbi, rafu hadi dari, na zote, ila za ile nyumba tuliyoipita, zilikuwa tupu. Hatua zetu zilirudi kwetu baada ya muda, kana kwamba watu wengine wawili walikuwa wakitembea mbele yetu. Nikaanza kupumua. Nikamwambia kwamba naona saini yangu haikuwa ya uongo sana.

Akanipeleka kwenye ukuta wa mashariki, ambao ulikuwa umejaa mistari ya chaki, maelfu kwa maelfu, katika safu sita. Kila alfajiri, alinieleza, mlinzi wa kila Mbebaji huja kuchora mstari mmoja katika safu yake, kuonyesha kwamba Mbebaji wake ni mzima. Safu ikikosa mstari, wenzake hujua ameanguka, na nyumba zake huchukuliwa na wengine siku ile ile. Hakuna karani aliyekumbuka kwamba ukuta nao ulikuwa ukitumika. Ghala lingebomolewa, mistari yote ingekoma mara moja, na kila Mbebaji angedhani wenzake wote wamekufa.

"Hili nimekwisha litengeneza," alisema. "Kuanzia jana wanachora Mlimani. Lakini tazama yule."

Mzee mmoja mwenye kofia ya karani alikuwa bado pale, akichora mstari katika safu ya sita. Aliuchora kwa uangalifu, akarudi nyuma kuutazama, akafuta mikono.

"Huyo ni Bwana Mkadamu. Mwulize anamchorea nani."

Nikamwuliza. Yule mzee alimtazama Bi Salume kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Namchorea Sulubu, bwana."

"Sulubu ni mzima?"

"Mimi ni mchoraji," alisema. "Kuhusu uzima, kuna idara."

Nyuma ya ukuta ule palikuwa na ukumbi mdogo uliofungwa kwa pazia. Bi Salume akalifungua. Rafu zilikuwa zimejaa. Sufuria, mito, madaftari, kitanda cha mtoto, ngoma mbili, mtungi wenye maji. Kila kitu kilikuwa kimefungwa kamba nyembamba yenye fundo moja la namna moja. Nilijaribu kulilegeza fundo kwa ukucha, halikutetereka.

"Nyumba ishirini na moja," alisema. "Fundo ni la Sulubu. Mbebaji akishika vitu vya nyumba zake, hakuna mwingine awezaye kuvigusa mpaka yeye mwenyewe aachie, ili wawili wasije wakavuta sufuria moja. Ni sheria nzuri. Mimi nisingeifuta."

"Na kwa nini haachii?"

Ndipo akanipeleka nje, upande wa kaskazini, akanipa darubini.

Nilikuwa nimemwona Mbebaji wa sita siku ya kwanza nikidhani amelala. Hakulala. Alisimama wima, macho wazi, mkono wa kulia umenyoshwa mbele, umeshika kamba mbili ambazo ncha zake zilining'inia hewani juu ya bustani ya waridi. Nyasi zilikuwa zimeota katika vifundo vya miguu yake. Ndege walijenga katika mkunjo wa kiwiko. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeita jina na sasa anasikiliza kama ataitikiwa.

"Pale palikuwa na Ghala la Kaskazini," alisema Bi Salume. "Miaka kumi na minane iliyopita, Liwali aliyekuwapo, baba yake huyu, alitaka bustani. Akalivunja siku moja. Wabebaji watano hawakuwa wamelishika asubuhi ile, ilikuwa zamu yao kupumzisha mkono. Sulubu alikuwa amelishika. Alivuta, hakujibiwa. Akavuta kamba ya pili, hakujibiwa. Akangoja. Mbebaji anapongoja jibu hawezi kufanya kingine. Hana mikono ya ziada, Bwana Shomari. Nyumba kumi na tisa vitu vyake vilikuwa Kaskazini, hizo zilikwisha siku ile, na watu wake. Lakini hizi ishirini na moja vitu vyake viko huku Kusini, vizima, unavyoviona. Zimekwama kwa sababu yeye amekwama; ndani yake haijapita hata dakika moja tangu asubuhi ile."

"Hakuna aliyemwambia ghala halipo?"

"Liwali alitangaza kwamba liko kwenye matengenezo. Tangazo halijafutwa. Kumwambia Sulubu neno lingine ni kosa. Na kwa kuwa anangoja, hajafa. Na kwa kuwa hajafa, lazima achorewe mstari. Na kwa kuwa ana mstari, nyumba zake haziwezi kuchukuliwa na mwingine."

Akanishika mkono, akauelekeza ule mkono wenye darubini juu kidogo, kushoto.

"Dirisha la kijani."

Nikaona mwanamke kijana, ameinama dirishani kwake, vidole viwili juu ya uzi. Alikuwa anatabasamu na mtu aliye ndani. Mkufu wake ulikuwa umening'inia mbele, haukucheza.

"Dada yangu, Tatu. Ananizidi miaka miwili." Sauti yake haikubadilika. "Mimi nikisema lolote kuhusu Ghala la Kusini, barazani wananijibu kwamba nina ndugu mule. Ndiyo maana wanamtaka mgeni."

Nikairudisha darubini. Sikuweza kumtazama usoni. Siku tatu zaidi, na kwa saini yangu, lile pazia na vyote vilivyokuwa nyuma yake vingeporomoka, na yule mwanamke angebaki ameinama vile mpaka mwisho wa dunia.

Baraza lilikutana kesho yake mchana. Nilikwenda na kanzu nyeupe waliyonipa. Kabla zamu yangu haijafika nilisikiliza mjadala ambao sijausahau. Swali lilikuwa kama nyumba ambazo hazikujibu ziulizwe mara ya pili. Mjumbe mmoja alisema kuuliza mara ya pili ni kulitukana jibu la kwanza. Mwingine akasema hakukuwa na jibu la kwanza. Wa kwanza akasema ndiyo maana tusi lingekuwa kubwa zaidi. Wakapiga kura, wakakubaliana kwamba ziulizwe, ila baada ya ghala kuondolewa, ili majibu yasicheleweshe shughuli.

Ndipo nikaitwa kuthibitisha saini.

"Mheshimiwa Liwali," nilisema, "saini ni yangu, maneno si ya kweli. Nilisaini kabla ya kuona. Sasa nimeona. Nyuma ya ukuta wa mashariki mna vitu vya nyumba ishirini na moja, na mwenye kuvishika bado amevishika. Naifuta saini yangu."

Liwali Fumo Badi hakukasirika. Aliniuliza kwa upole kama nilijua sheria ya Shahidi anayefuta neno lake. Nikasema sijui. Akaniambia: Shahidi wa namna hiyo hutoka nchini siku ile ghala linapoondolewa, na harudi tena maisha yake. Aliyasema yale kwa huruma ya kweli, kama mtu anayemzuia mgeni asikanyage sakafu yenye maji.

Nilitazama nje. Kapu la mtu lilikuwa linapita na mkate ndani. Nilikuwa nimekwisha anza kujiambia kwamba ningezeekea pale.

"Nimesikia," nilisema. "Naifuta."

"Hata hivyo," akasema mjumbe wa kwanza, "Sulubu anangoja. Safu yake ina mstari wa leo. Hatuwezi kumfungua mtu aliye kazini."

Sauti ikatoka nyuma, karibu na mlango. "Haina."

Alikuwa Bwana Mkadamu. Alikuwa ameshika kofia yake mkononi.

"Mstari wa leo haumo," alisema. "Sikuchora. Miaka kumi na minane nimechora kila siku, hata siku niliyomzika mke wangu. Leo nilifika pale nikashika chaki, na mkono ukakataa. Mtanisamehe."

Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuona mstari usiokuwapo. Liwali aliitazama meza. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba lile tangazo la marehemu baba yake lilikuwa la zamani na karatasi yake pengine imeliwa na mchwa. Bi Salume alikuwa amekwisha toka.

Ngazi ya Sulubu ina vipandio mia nne na kumi. Nilipanda nyuma ya Bi Salume kwa sababu Shahidi lazima ashuhudie, na kwa sababu nilitaka. Tulipita nyumba moja baada ya nyingine. Katika moja mzee alikuwa ananyoa kidevu, wembe umesimama. Katika nyingine maziwa yalikuwa yanamiminwa kutoka birikani, na yalikuwa bado hayajafika kikombeni. Vumbi halikuwagusa. Tulipopita dirisha la kijani Bi Salume hakusimama, ila alitoa mkono akaugusa ukingo wake, kidogo tu, akaendelea kupanda.

Sikio la Sulubu ni kama pango. Bi Salume alisimama mlangoni mwake, akafunga kanga vizuri, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na jirani:

"Sulubu. Mimi Salume binti Hamduni, Mfungua Kamba. Nisikilize. Ghala la Kaskazini halipo. Halitengenezwi. Lilivunjwa. Halitarudi kesho wala siku nyingine. Ulivuta vizuri, na ulingoja vizuri. Kosa si lako. Achia."

Hakuna kilichotokea. Upepo ulipita katika nyasi za mabega yake. Bi Salume akarudia maneno yale yale, hakuongeza wala kupunguza. Mara ya tatu sauti yake ilikatika kwenye neno *halitarudi*, akalirudia.

Kwanza nilihisi miguuni. Mtetemo mdogo sana, wa chini, kutoka mbali. Kisha jicho lile kubwa, lililokuwa kavu miaka kumi na minane, likafumba na kufumbua. Na Sulubu akatoa pumzi. Aliivuta asubuhi ile kabla hata mimi sijaoa, na sasa akaitoa yote. Ilishuka bondeni kama mvua ya masika inavyoshuka, ikang'oa mahema ya sherehe, ikazitawanya tarumbeta, ikachukua petali zote za bustani ya waridi na kuzipeleka angani. Vidole vikafunguka. Kamba mbili zikaanguka.

Chini yetu nikasikia maziwa yakigonga kikombe.

Tulishuka mbio, sijui tulivyoshuka. Nyumba ishirini na moja zilikuwa zinapiga kelele za nyumba: vyombo, vikohozi, mtu akiimba. Kapu lilitoka dirisha la kijani, likaenda Kusini, likarudi na kitunguu. Yule mwanamke akakichukua, akainua macho, akamwona mtu amesimama kwenye kipandio akishika ukingo wa dirisha lake.

"Salume?" Akakunja uso, akacheka nusu, akaacha. "Salume, mbona umezeeka hivyo?"

"Shikamoo, Dada," alisema Bi Salume. Akaweka paji la uso kwenye ule ukingo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikageuka, nikashuka peke yangu.

Nyumba kumi na tisa hazikutoa sauti. Ziliteremshwa moja moja na kufunikwa nguo nyeupe. Jamaa zao walikuja kutoka kwa Wabebaji wote. Walikaa matanga siku tatu, na wengi wao walilia kwa namna ambayo sijapata kuisikia, kilio cha watu waliokatazwa kulia miaka kumi na minane kwa sababu kulikuwa na matengenezo. Liwali alikaa matangani siku zote tatu.

Baada ya hapo kazi ilifanywa kwa utaratibu wake, na sikuharakishwa kuitazama. Vitu vya nyumba ishirini na moja vilihamishwa Mlimani, wenyewe wakila na kugombana. Mafundo ya Sulubu yalijifungua yenyewe kila kapu lilipopita. Bi Salume akaingia Ghala la Kusini na mimi, tukapita kila ukumbi, kila rafu, kwa mkono, mpaka vidole vikawa vyeusi kwa vumbi. Tukakuta kitabu kimoja ambacho mtu alikiazima akakisahau. Kikarudishwa kwa mwenyewe. Ndipo nikaandika, kwa mkono wangu na si karatasi iliyoandaliwa: *Nimeliona. Ni tupu.*

Kisha Wabebaji wakaambiwa, mmoja mmoja, kwa jina. Huwezi kuwaambia wote kwa pamoja. Kila mmoja lazima asikie kwa sikio lake na ajibu mwenyewe. Wa kwanza akafungua kiganja, kamba zikateremka taratibu, akasema, "Nimeachia." Sauti ile ilitikisa maji kwenye mitungi. Wa pili akasema, "Nimeachia." Walipomfikia wa sita, Sulubu, watu wote walikuwa madirishani. Alitazama kamba zake kwa muda. Akaachia. Bi Salume akawataka wote watazame tena upande wa kusini na kusema wanachoona. Wakasema wanaona jengo, ila si lao. Hapo ndipo waashi walipoingia na nyundo, na ghala lile kubwa likashushwa jiwe kwa jiwe, na katika nchi nzima hakuna kikombe kilichomwagika.

Liwali alitangaza kwamba siku tisa za kuchelewa zilikuwa katika ratiba tangu mwanzo. Wakampigia makofi. Mimi pia nilipiga.

Nilitoka jioni ile ile kama sheria ilivyotaka. Bi Salume na dada yake walinisindikiza mpaka penye mpaka, wakiwa wameshikana mikono. Tatu aliuliza maswali mengi kuhusu kwetu, na aliyajibu mengine mwenyewe. Wakaniaga, wakarudi.

Sulubu alikuwa ameketi karibu na njia, mara ya kwanza tangu azaliwe. Walimpunguzia nyumba zote ili apumzike, na asubuhi walitarajia kumpandisha moja kwanza, ndogo, kumjaribu. Miguu yake alikuwa ameinyosha bondeni. Alinitazama nikija, na mimi nikapunguza mwendo, kwa kuwa sikujua kama inafaa kumwamkia.

"Wewe mgeni," alisema. Alijitahidi kuiteremsha sauti, na bado mchanga ulirukaruka njiani. "Huko kwenu, wako wanaongoja kama nilivyokuwa nangoja?"

Nikawafikiria wengi kwa mara moja. Nikamfikiria mwanamke wa mtaa wetu anayeweka sahani ya mwanawe mezani kila Ijumaa. Nikawafikiria wale wazee wanaokaa kwenye benchi la ofisi moja toka kiwanda kilipofungwa, ambao huambiwa faili linashughulikiwa.

"Wako," nilisema.

Sulubu akatikisa kichwa polepole. Kisha akainama, akauleta uso wake mkubwa karibu nami, mpaka nikajiona mzima ndani ya jicho lake, na kanzu yangu nyeupe.

"Na mmewaambia?"